Mtoto Aliyefundishwa Kusema Sijambo

Mwanzo wake ulikuwa uvumi tu. Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika mtaani kwao Hillbrow, na wanawake wa jengo lao walikuwa wamepanga ndoo nyuma ya lori la maji, kila mmoja jicho lake liko kwenye ndoo yake na sikio liko mdomoni mwa mwenzake. Aliyeuleta ni Emérite, Mrundi wa chumba cha jirani.

“Mama Nusa, weye bado unampeleka mtoto kule kwenye kliniki ya sukari?”

“Nampeleka,” akajibu Mwatumu. “Kwani nimpeleke wapi?”

“Haukusikia? Wameweka mwanamke mupya. Hapimi damu, hapimi kilo. Yeye ni maulizo tu. Unalala vizuri? Unalia? Umechoka? Ukisema ndiyo, basi, ameshakuandika kwenye kitabu cha wendawazimu. Mtoto wanamuchukua watu wa ustawi. Na makaratasi yako...” Emérite akapuliza kiganja chake kama anayepuliza unga.

“Nani kakwambia?”

“Kuna Mukongomani moja, mtoto wake amechukuliwa. Wiki mbili nzima hajaonekana.”

“Ulimwona huyo Mkongomani?”

“Niliambiwa saluni.”

“Saluni!” mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma. “Basi hiyo imeshapigwa muhuri!”

Wakacheka. Mwatumu naye akacheka, akajitwika ndoo yake akapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita, maana lifti ilikufa zamani. Lakini lile neno lilipanda naye. Alipokoroga unga wa vitumbua alilisikia, alipopindua kitumbua kwenye chuma alilisikia. Alijiambia ni porojo. Kisha akajiambia kwamba waliotutangulia hawakuwa wajinga waliposema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshika simu, amembonyezea sauti Chiku, rafiki yake wa Doornfontein, ambaye mumewe Luqman naye ana sukari na kliniki yao ni hiyohiyo.

“Chiku, nakwambia nisije nikawa nimejua nikanyamaza. Kuna chumba kipya pale. Wakikuita, usiingie. Tena mwambie na Luqman.”

Sauti ile ilikuwa ya dakika moja na nusu. Baadaye alitamani angeweza kuimeza.

Nusaiba, binti yake, alikuwa na miaka kumi na minne. Ile sukari yake si ile ya watu wazima ya kunywa vidonge. Ilimpata akiwa na miaka kumi na mmoja, akakonda mpaka akabaki macho, na tangu hapo ni sindano nne kwa siku, asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala, pamoja na kujitoboa kidole kupima damu. Daktari aliwaeleza mara ya kwanza kabisa kwamba mwili wa mtoto huyu umesahau kutengeneza insulini, kwa hiyo ile inayoingia kwa sindano ndiyo uhai wake. Asiipate siku mbili tatu, damu inachachuka.

Mwatumu alilishika neno hilo vibaya. Alilishika kama mtu anayeshika kaa la moto. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena mwanawe. Alfajiri mtoto akifumbua macho, salamu yake ni hii: “Sukari ngapi?”

Ikiwa saba au nane, mama anashusha pumzi, “Alhamdulillahi,” chai inanyweka. Ikiwa kumi na tisa, kilio. Mikono kichwani. “Umekula nini? Nimekukosea nini mie? Unataka kuniua, Nusaiba?” Na mtoto anasimama pale na kidole chake kina tone la damu, hajui alipanguse au amfariji mamaye kwanza.

Bakiri, mumewe, mlinzi wa geti la jengo la ofisi Braamfontein, alishawahi kumwambia, “Mama Nusa, hiyo mashine inapima damu, haipimi tabia.” Mwatumu alimjibu kwamba yeye ameondoka nyumbani Tanga na mtoto mmoja na hana wa akiba.

Ikafika wakati namba zikawa nzuri. Asubuhi saba, jioni nane. Nusaiba aliziandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wa duara, akamwonyesha mama, mama akambusu paji la uso. Tena akawa hataki kujichoma mbele ya watu. “Mama, nimekua, eish,” akasema, akawa anachukua kalamu yake ya insulini anaingia nayo kwenye bafu la pamoja la ghorofa yao, anafunga komeo, anatoka. “Umeshachoma?” “Sharp, Mama.” Mwatumu akaona hiyo ndiyo heshima ya msichana aliyevunja ungo.

Siku moja Emérite alitoka bafuni ananusanusa. “Mama Nusa, ni weye ulimwaga dawa kwenye sinki? Bafu yote inanuka hospitali!”

“Si mie,” akasema Mwatumu, naye anainusa. “Labda mwenye jengo kaleta watu wa kusafisha.”

“Mwenye jengo? Huyo hajasafisha hata roho yake!”

Wakacheka tena.

Ilipokaribia siku ya kliniki, uvumi ule ulikuwa umeota mizizi. Wiki nzima Mwatumu alimwona yule mwanamke wa maswali ndotoni, kila mara ana kitabu na hana uso. Siku yenyewe walitoka kwa miguu yeye na Nusaiba, na walipokuwa wamesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, wakingoja ya kuvuka, akamshika mtoto mkono kwa nguvu.

“Sikiliza. Kuna mtu atakuuliza maswali ya moyoni. Kama una huzuni, kama umechoka. Wewe sema uko sawa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nimekwambia.”

Nusaiba alitazama taa nyekundu. “Na kama kweli nimechoka?”

“Hujachoka.”

“Lakini Mama, kama...”

“Huna huzuni wewe! Unakula, unasoma, una baba, una mama. Huzuni ya nini? Mtu akikuamkia unajibuje? Nimekufundisha tangu hujaota meno.”

“Sijambo,” akasema Nusaiba, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, maana mtoto huyo Kiswahili anakisikia chote lakini kinywani mwake Kiingereza na Kizulu ndivyo vinavyotangulia.

“Basi na huko ni hivyohivyo. Apa.”

“Mama...”

“Apa!”

Mtoto akaapa, pale kwenye robot, taa ikawaka kijani wakavuka. Hapo ndipo Mwatumu anaporudi mpaka leo kila anapofumba macho. Hapo, kwenye lile swali la *kama kweli nimechoka*. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga.

Kliniki walimpima kilo, alikuwa amepungua. Wakamtoa damu ya kile kipimo cha miezi mitatu, ambacho hakidanganywi na daftari, kikaja juu sana. Daktari alilitazama daftari lenye saba na nane, akaitazama karatasi ya kipimo, akamtazama mtoto. Hakugomba. Alisema neno na nesi, na nesi akawapeleka kwenye chumba cha pili kulia.

Ndani hamkuwa na kitabu kikubwa. Kulikuwa na meza ndogo, kikopo cha kalamu za rangi, na mwanamke wa makamo aliyevaa sweta ya kijani, jina lake Refilwe. Alisimama akawapa mkono wote wawili. Akasema jambo kwa Kiingereza, na Nusaiba akamgeukia mama.

“Anasema anaweza kupiga simu, mtu wa Kiswahili atutafsirie.”

Mwatumu akaukumbatia mkoba wake. Mtu wa Kiswahili! Mtanzania gani huyo? Kesho yake habari zao ziko msikitini, keshokutwa ziko Tanga. “Mwambie hatutaki. Mwanangu ananitosha.”

Yule mama alisita kidogo, akauliza tena, Mwatumu akatikisa kichwa. Basi maswali yakapita hivyo, yanatoka kwa Refilwe yanaingia kwa mtoto, yanatoka kwa mtoto yanaingia kwa mama, na majibu yanarudi njia hiyohiyo.

“Anauliza kama ninalala.”

“Mwambie unalala kama gogo.”

“Anauliza kama nachoka na sukari yangu.”

“Mwambie hapana.”

Nusaiba alimtazama mama yake. Halafu akamgeukia yule mwanamke, akasema, “No.”

Refilwe akaiweka kalamu chini. Akaegemea mbele, akauliza swali refu, polepole, macho yake yakitoka kwa mtoto kwenda kwa mama. Mwatumu alisubiri.

“Anauliza kama nakosa madrasa.”

Mwatumu alishangaa. Kumbe wanaulizia hata mambo ya dini! Basi watu wazuri hawa. Akajiweka sawa kwenye kiti, akatikisa kichwa kwa fahari, kidole hewani. “Hakosi! Mwambie hakosi hata siku moja! Hata mvua inyeshe!”

Mtoto akasema maneno mawili ya Kiingereza, kichwa chini. Refilwe akaandika. Daktari alipopata karatasi ile akaongeza kipimo cha dawa, dawa ambayo nusu yake ilikuwa haiingii mwilini.

Walipotoka Mwatumu alishukuru Mungu. Tumevuka, akajiambia. Hawakutupata. Njiani alisimama kwenye kiduka cha spaza akamnunulia Nusaiba maji ya chupa, akamwambia, “Umeniheshimisha leo.”

Wiki tatu zikapita. Jumanne moja asubuhi Nusaiba alitapika. Mwatumu akamchemshia chai ya tangawizi. Kinywa cha mtoto kilikuwa na harufu tamu ya ajabu, kama nanasi lililosahauliwa chini ya meza, akadhani amekula peremende kwa siri, akamgombeza. “Sukari ngapi?” “Nane, Mama.” Jumatano akatapika tena, akasema ana mtihani, akaenda shule.

Saa nne simu ikaita, namba isiyojulikana, mwanamke anazungumza Kiingereza kwa haraka. Mwatumu alishika maneno mawili tu: jina la mwanawe, na hospitali. Aliacha mafuta jikoni, Emérite ndiye aliyezima moto. Alishuka ghorofa sita kwa kandambili moja.

Alimkuta mtoto kitandani, dripu mikono yote miwili, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa maili nyingi, na macho hayamjui mtu. Damu ilikuwa imechachuka. Nesi alimweleza kwa ishara na Kiingereza cha taratibu, na neno moja alilielewa bila mkalimani: kama wangechelewa. Nesi hakulimalizia.

Bakiri alifika na nguo zake za ulinzi, jasho linamtoka, akamsikiliza daktari kwanza. “Ulijua?” akauliza. “Ulijua kama hachomi?”

“Sikujua,” akasema Mwatumu.

Na ilikuwa kweli, hakujua. Lakini alipolisema tu neno hilo, pua yake ikakumbuka. Bafu. Ile harufu ya hospitali kwenye sinki. Siyo dawa ya kusafishia. Ni insulini, sindano baada ya sindano, ikimwagwa kwenye tundu la maji huku yeye amesimama nje ya mlango anauliza, *umeshachoma?* Aliinusa kwa pua yake mwenyewe, akaicheka.

Siku ya pili mtoto alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imebanduka kwa ukavu. Kitu cha kwanza alichosema kilimkata mamaye maini.

“Mama, usilie. Ni nane.”

“Sikukuuliza, mwanangu. Sikukuuliza namba.”

“Sikutaka kufa,” akasema Nusaiba, anachanganya lugha zake zote. “Nilitaka kupumzika. Siku moja tu. Halafu ya pili ikawa rahisi. Leo nachoma, kesho namwaga, mpaka wiki hii nikamwaga zote. Nikikwambia namba mbaya unalia, kwa hiyo nikawa nakupa nzuri.” Akatafuta pumzi. “Na yule auntie hakuuliza madrasa. Aliuliza kama nakosa sindano.”

Mwatumu alikaa. Alijiona mwenyewe kwenye kile kiti, kidole hewani, fahari usoni. *Hakosi hata siku moja.* Mtoto alimtega, lakini mtego ule nani aliuchonga? Nani alimtwisha mtoto kazi ya kuwa mgonjwa na mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe? Nani alimwapisha?

Mchana ule Refilwe akaja wodini, sweta yake ileile ya kijani. Mwatumu alipomwona alisimama mbele ya kitanda cha mwanawe kama kuku mwenye vifaranga. Sasa ndiyo wamekuja kumchukua, akawaza. Sasa sina cha kujitetea nacho. Refilwe hakusogea karibu. Aliinua simu juu ili mama aione, akainyooshea kidole, akangoja.

Hapo Mwatumu alikuwa na njia mbili. Angeweza kutikisa kichwa kama siku ile. Aliyekuwa amelala nyuma yake alikuwa anatazama kuona mama atafanya nini.

Akaitikia.

Simu ikaita, sauti ya kike ikatoka, Kiswahili cha Bukavu. “Jambo mama. Naitwa Bijou. Niko Cape Town huku, sikujui na haunijui, na chenye tutasema hapa siruhusiwi kukisema fasi ingine. Tuko pamoja?”

“Tuko pamoja.”

“Mama Refilwe anauliza: uko aje?”

“Sijambo,” akasema Mwatumu.

Ulimi ulitangulia, kama ulivyozoea. Ndivyo tulivyolelewa sisi, nyumba inaungua, jirani akiuliza habari, unajibu njema, halafu ndiyo unasema *ila*. Njema, ila tumefiwa. Sijambo, ila sijala tangu jana. Na Mwatumu, pale wodini, alitambua kwamba alimfundisha mwanawe lile neno la kwanza, akamnyang'anya la pili.

“Sijambo,” akarudia. “Ila.”

Bijou akangoja. Refilwe akangoja.

“Ila mwongo ni mimi. Mwambie hivyo hivyo usipunguze. Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemwapisha njiani asiseme kitu, kwa sababu niliambiwa mtamwandika mwendawazimu mtanichukulia. Kama kuna wa kuandikwa, niandikeni mie. Mie silali. Tangu apatwe na hii sukari, miaka mitatu, mie silali usingizi wa mtu. Nasimama usiku namsikiliza kama anapumua. Nikiona namba kubwa naona jeneza. Nampigia kelele nikidhani ndiyo dawa. Nimechoka, dada. Mwambie nimechoka.”

Maneno yalikwenda Cape Town yakarudi kwa Kiingereza. Refilwe alivuta kiti akakaa, magoti yake karibu yaguse magoti ya Mwatumu. Jibu lake halikuwa refu.

“Anasema sikudanganyi,” Bijou akatafsiri. “Kama mtoto anapigwa ao anaumizwa nyumbani, ni lazima niseme, hiyo ni sheria. Lakini kuchoka si kosa. Mtoto mwenye sukari akichoka moyo, sindano inakaa tu, hachomi. Tulifungua kile chumba ndani ya kliniki ya sukari kwa sababu hiyo, ili mtu asitumwe fasi ya mbali kuulizwa moyo wake. Na mama yake vilevile. Anasema, siku ile karatasi ya damu ilimwambia kuna kitu. Anajuta hakusisitiza simu. Anasema hiyo ni ya kwake, usiibebe yote.”

Mwatumu alitikisa kichwa. Ile sehemu yake hakuna mtu angembebea.

“Na yule mtoto wa Mkongomani aliyechukuliwa?” akauliza.

Refilwe akatafakari, akasema hawezi kuzungumza habari za mgonjwa mwingine. Bali akaongeza kwamba kuna watoto hulazwa wiki mbili kama hivi, wakapona, wakarudi kwao, na jirani asiyejua akasema wamechukuliwa. Mwatumu akaangalia kitanda cha mwanawe. Pale Hillbrow, saa hiyohiyo, hapana shaka kulikuwa na mtu saluni anasema: na yule mtoto wa Mtanzania, mnaona? Wamemchukua naye.

Siku tisa baadaye Nusaiba alitoka hospitali. Ikapangwa kila wiki mbili, baada ya kupimwa, aingie kwa Refilwe peke yake. Peke yake! Mama akakalishwa kwenye benchi la nje. Mara ya kwanza alisogea mpaka mwisho wa benchi, shingo imerefuka, anategea sikio kwenye mlango. Mlango ukafunguka kidogo, kichwa cha Nusaiba kikatokeza.

“Mama, kivuli chako kinaonekana chini ya mlango.”

“Nilikuwa nanyoosha mguu.”

“Nyoosha upande ule.”

Akarudi nyuma. Alifungua mkoba akaanza kupanga risiti zisizohitaji kupangwa. Kutoka ndani alisikia mtoto anacheka, halafu kilio. Alikaa juu ya mikono yake. Kulea kote alikolea, hakuna kazi iliyomshinda kama kukaa kwenye lile benchi.

Nyumbani haikuwa shwari. Ziko asubuhi neno “ngapi” lilimfika mpaka kwenye meno akaliuma. “Umeamkaje?” anasema badala yake. Kuna siku Nusaiba anajibu, “Vibaya,” na anageukia ukutani, na Mwatumu anasimama pale hajui la kufanya na lile jibu. Namba zikawa mbaya kuliko zile za daftari la zamani, kumi na tatu, kumi na tano. Ila zilikuwa za kweli. Sindano ya jioni wanakwenda nayo wote wawili mezani, bila komeo.

Sasa kulikuwa na ile sauti ya dakika moja na nusu. Aliiahirisha. Kesho, kesho. Ijumaa moja akajifunga, akashuka mpaka Doornfontein na bakuli la vitumbua. Chiku alimfungulia, hakumkaribisha mara moja.

“Luqman hajambo?”

“Hajambo,” akasema Chiku. Kisha akasogea, Mwatumu akaona mwenyewe.

Luqman alikuwa kwenye kochi, mguu umeinuliwa juu ya ndoo iliyofunikwa kanga, kidole gumba kimefungwa kitambaa, na chumba kina harufu. Malapa mapya yalimchubua. Kliniki hajakanyaga tangu sauti ile imfikie.

“Karibu, daktari wetu,” akasema Luqman, na mzaha wenyewe ulikuwa na ncha. “Umetuletea sauti nyingine?”

“Luqman, kaka yangu, nilikosea.”

“Anakaa siku nzima anatazama ukuta,” Chiku akasema, hamtazami Mwatumu. “Kazi hataki, kula hataki. Nilikuwa nataka kumwambia nesi. Nikasema, lakini si Mwatumu kasema wataandika? Mwatumu ana mtoto pale, anajua. Nilikuamini wewe, si mtu wa saluni.”

Uvumi wa saluni ulikuwa wa saluni mpaka ulipopita kinywani mwa Mwatumu, kwa sauti yake, ukawafikia watu waliomwamini. Hapo ndipo ulipopata miguu. Aliweka bakuli chini.

“Vaeni. Twende sasa hivi. Na kile chumba nitaingia naye mimi kama wewe unaogopa.”

“Leo Ijumaa.”

“Mungu anaujua mguu wake.”

Walikwenda. Kidole hakikuokolewa, kilikatwa wiki iliyofuata, mguu ukabaki. Luqman alipofikishwa chumba cha pili kulia alisema kwa simu ya Bijou kwamba yeye ni mwanamume na hana maneno, halafu akakaa humo saa nzima. Chiku anamwitikia Mwatumu salamu. Lakini mlangoni kwake hajamwambia karibu kama zamani, na Mwatumu hamlaumu.

Jumapili baada ya Luqman kukatwa kidole, Mwatumu alitoa daftari. Lilikuwa lile la namba za uongo, kurasa za nyuma zilikuwa safi. Elimu yake ni darasa la saba, lakini mwandiko wake walimu walikuwa wakiusifu. Hakutaka kutuma sauti tena, sauti hukatwa, husikiwa nusu. Karatasi mtu ataisoma yote. Nusaiba alikaa karibu, kidevu kwenye bega la mama, anasoma kwa kubabaisha.

“Mama, kuapisha ni nini?”

“Ni kile nilichokufanyia kwenye robot.”

“Utaandika na hilo?”

“Ndilo la kwanza.”

Akaandika, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wanawake wa Hillbrow, kwa Emérite, kwa Chiku, na nakala moja akambandikia Refilwe kwenye mlango wa chumba cha pili kulia. Ilikuwa imeandikwa hivi:

*Mambo ya kuepuka, wewe mwenye mtu wa sukari nyumbani*

Usimwapishe mtoto asiseme alivyo.

Usimfanye mgonjwa kuwa mkalimani wake. Omba simu. Anayetafsiri hakujui.

Usiulize namba kabla ya salamu.

Usilie mbele ya mashine. Ukitaka kulia nenda kwa jirani.

Usimsifu kwa namba nzuri ukamnunia kwa mbaya. Atakupa nzuri tu.

Ukisikia harufu ya hospitali bafuni usicheke. Uliza.

Akitapika na pumzi inanuka tunda lililooza, usichemshe tangawizi, usingoje kesho. Hospitali saa hiyo hiyo.

Usivae malapa mapya kwenye mguu wenye sukari. Kidonda kidogo usikifunge kitambaa ukanyamaza.

Usiogope kile chumba. Nimeingia, nimetoka, na mtoto wangu ninaye.

Usitegee sikio mlangoni.

Usipeleke mbele neno ambalo hukuliona. Mimi nilipeleka na mtu hana kidole.

Ukiulizwa u hali gani, usiishie kwenye sijambo.